Mbali na Ndege, Karibu na Watu

Bomba jeusi limesimamishwa juu ya miguu mitatu, na nyuma yake kijana ameinama, jicho moja amelifumba. Mtu wa Ituri, mashariki ya Kongo, akiona hivyo kwa mbali hawazi ndege. Huwaza silaha. Isipokuwa silaha, basi ni wapimaji waliokuja kuchora shamba lake kwa ajili ya dhahabu. Na wasipokuwa wapimaji, ni wapelelezi. Msimcheke wala msimkasirikie. Mtu huyo alizika ndugu katika vita vya 1999 hadi 2003, akayakimbia tena makazi yake mwishoni mwa 2017, na tangu Mei 2021 mkoa wake umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Ana haki ya kuliogopa bomba asilolijua.

Nimeanzia hapo makusudi, wanangu, kwa sababu maswali mnayoniletea ni ya kamera tu: ipi bora, bei gani, simu inatosha au haitoshi. Hayo nitayajibu, na kwa furaha. Mwalimu mstaafu wa biolojia hapati kila siku watu wa kumsikiliza akieleza habari za lenzi. Lakini kwa mji kama Bunia, ufundi ni nusu ya pili ya kazi. Nusu ya kwanza ni hii: mpiga picha za ndege akae mbali na ndege, akae karibu na watu. Wengi wenu mnafanya kinyume. Mnamnyatia yangeyange hadi anaruka, na mwenye shamba hamkumpa hata salamu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua begi, tafuteni mwenyeji. Kijijini nendeni kwa shefu, mjini kwa shefu wa kartiye (mtaa), na mkienda Kasenyi au Tchomia, kwenye Ziwa Albert, pitieni kwanza kwa wavuvi wenye ufuko wao. Jitambulisheni kwa majina ya wazazi wenu na ya shule au chuo chenu. Kisha, na hili ndilo muhimu kuliko barua yoyote yenye muhuri, simamisheni darubini, lile bomba jeusi, hadharani, ielekezeni kwa ndege yeyote aliye karibu, hata kama ni mwewe juu ya paa, na mumkaribishe mwenyeji aangalie. Mpeni nafasi ya kutosha. Akishaona kichwa cha mwewe kinavyozunguka, hofu inamtoka yenyewe, na mara nyingi atakuwa mtu wa kwanza kuwaambia kwamba kuna ndege mwingine, mkubwa, anayelala kila jioni kwenye mti ule wa bondeni.

Watoto wenye manati nao msiwafukuze. Najua wanaua ndege. Nami wakati wa kufundisha nilinyang'anya manati nyingi sana. Lakini hakuna mtu Bunia anayejua viota kuliko wao. Mtoto aliyetazama mnana akisuka kiota chake, majani yakipita mdomoni moja moja, huanza kuuliza maswali, na mtoto anayeuliza maswali anafaa kuwa msaidizi wenu.

Yapo mengine ya usalama nitakayoyataja haraka kwa kuwa hayana mjadala. Msielekeze darubini kwenye kambi ya jeshi, kwenye magari ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, kwenye kizuizi cha barabarani, wala upande wa uwanja wa ndege wa Murongo, hata kama tai amekaa juu ya mnara. Mkisimamishwa, onesheni picha mlizopiga. Zikiwa za ndege tupu ndizo kitambulisho chenu. Na vitabu vya Ulaya vikiwaambia mvae nguo za mabaka ili ndege wasiwaone, fungeni vitabu hivyo. Hapa kwetu raia havai mabaka. Vaeni shati la kawaida la rangi ya udongo au majani makavu, na ndege hawatajali.

Sasa ufundi.

Kazi ya kuunganisha darubini ya jicho moja na kamera ndogo haina umri mkubwa. Mwaka 1999 Laurence Poh, mpenda ndege wa Malaysia, alisogeza kamera yake ndogo ya Nikon Coolpix kwenye kioo cha darubini yake ya Leica, akashangaa kwa picha iliyotoka. Alipowaonesha wenzake, wapenda ndege wa nchi nyingi wakamfuata. Ufundi huu, basi, haukubuniwa na kiwanda. Ulitoka kwa mtu aliyekuwa na vifaa viwili ambavyo havikutengenezwa vikutane, akavikutanisha kwa mkono wake. Kwa hiyo msione aibu mkitumia kipande cha bomba la plastiki la maji kuishikisha kamera kwenye darubini. Kipimwe vizuri, kipakwe rangi nyeusi ndani ili mwanga usirudirudi, na kiwekewe kitambaa laini kisikwaruze. Mafundi wetu wa sokoni wanakiunda kwa dakika chache wakipewa vifaa vyote viwili mkononi.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukueni ukuzaji wa darubini, mzidishe kwa urefu wa lenzi ya kamera. Darubini ikikuza mara 20, na kamera imevutwa hadi milimita 100, mmepata kitu sawa na lenzi ya milimita 2,000. Lenzi ndefu ambazo wageni huja nazo kwa ndege wa Afrika aghalabu ni za milimita 500 au 600, na bei yake yanunua pikipiki kadhaa. Simu ya mkononi nayo, kwa kawaida, lenzi yake kuu ni sawa na milimita 26 hivi. Mara 20 ni 520. Hiyo yatosha kwa furukombe aliyetua juu ya mtumbwi jirani. Kwa mdiria aliye kwenye mti wa mbali haitoshi, na hapo ndipo kamera ndogo ya zamani, ile ambayo watu wameiacha kabatini kwa sababu wana simu, inapoishinda simu ya bei kubwa. Itafuteni yenye zumu fupi, ya mara tatu au nne tu, na kioo kidogo cha mbele. Zile zenye zumu ndefu inayojitokeza nje hazikubaliani na darubini. Mtapata duara dogo la picha katikati ya giza.

Duara jeusi hilo litawasumbua wote mwanzoni. Kuliondoa, kwanza sogezeni kamera taratibu mbele na nyuma hadi mwone pembe zinafunguka, kisha vuteni zumu ya kamera kidogo kidogo mpaka weusi utoke nje ya fremu. Likibaki upande mmoja tu, kamera imepinda. Inyoosheni, msiongeze zumu.

Kosa kubwa ninaloliona kwa vijana ni tamaa ya kukuza. Darubini ina pete iliyoandikwa kuanzia 20 hadi 60, na mkono wa kijana unakwenda moja kwa moja kwenye 60. Fikirini kinachotokea. Mwanga unaoingia ni uleule wa lenzi ya mbele, hauongezeki hata chembe. Mkitoka 20 kwenda 60, picha inapanuka mara tatu na inarefuka mara tatu, basi mwanga uleule unatandazwa juu ya eneo kubwa mara tisa. Picha inakuwa ya giza, kamera inahitaji muda mrefu zaidi kuichukua, na katika muda huo upepo, mapigo ya moyo na pikipiki inayopita barabarani vyote vinaandikwa humo kama ukungu. Kaeni kwenye 20, au 30 siku ya jua zuri. Mkimtaka ndege awe mkubwa zaidi, kateni kingo za picha baadaye.

Stendi ndiyo inayopiga picha. Nawasihi, fedha zikiwa kidogo, punguzeni kwenye kamera, msipunguze kwenye stendi. Iwe nzito; ikiwa nyepesi, ining'inizieni mfuko wa mawe katikati. Msivute shingo yake juu kabisa hata kama mgongo unauma. Na msiguse kitufe kwa kidole wakati wa kupiga: karibu kila kamera ina namna ya kuchelewesha sekunde mbili, itumieni, ili mtikisiko wa kidole utulie kabla picha haijachukuliwa. Kisha pigeni nyingi. Katika kumi, moja itakuwa kali, na hiyo moja ndiyo mliyoijia.

Kulenga ukali kuna hatua mbili, nao wanaoruka hatua ya kwanza hawapati kitu. Angalieni kwanza kwa jicho lenu wenyewe ndani ya darubini, zungusheni hadi jicho la ndege ling'ae. Jicho, si bawa wala mkia. Ndipo muweke kamera, na muiache imalizie. Flashi izimwe kabisa. Kwa yangeyange na ndege wengine weupe, punguzeni mwanga kidogo, la sivyo manyoya yatageuka karatasi tupu. Kwa mnandi mweusi aliye mbele ya anga, ongezeni.

Ndege gani wanafaa? Wale wenye subira. Furukombe, mdiria anayevizia samaki, fundi-chuma, korongo taji malishoni. Korongo taji mpigeni kwa heshima, maana tangu 2012 yumo katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani, ingawa jirani zetu wa Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anayeishi kwenye mabwawa ya mafunjo, yeye ni kama aliumbwa kwa ajili ya darubini: husimama bila kutikisika muda mrefu hata mpiga picha ndiye anayechoka. Waganda huwapeleka wageni kumwona Mabamba, karibu na Entebbe, na wenye mitumbwi wanakula kwa kazi hiyo. Mbayuwayu waacheni. Hakuna darubini inayomfuata mbayuwayu.

Hapa niseme juu ya ziwa letu, kwa sababu vitabu vyote vya upigaji picha vinawaambia neno moja ambalo kwetu si kweli. Vinasema: pigeni asubuhi. Ziwa Albert liko mashariki yetu. Kijana anayesimama ufukweni Kasenyi alfajiri na kutazama majini, jua linamchomozea usoni, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Vivuli hivyo vinaweza kupendeza, sikatai, lakini rangi hakuna. Kufika adhuhuri jua limepanda, na joto la bonde, kwenye mita 619 tu juu ya bahari, linafanya hewa juu ya maji icheze. Mkiangalia kwa jicho tupu hamuoni. Ndani ya darubini mtaona mnandi anayeyuka. Hakuna kamera inayotibu hilo. Suluhisho ni kupunguza umbali au kungoja.

Basi alasiri, jua likiwa mgongoni? Ndiyo, lakini tazameni nyuma yenu. Ukuta wa bonde na Milima ya Buluu uko magharibi, na jua linazama nyuma yake mapema kuliko saa inavyosema. Kivuli cha mlima kinatangulia kufika kabla ya saa kumi na mbili. Saa nzuri ya Kasenyi, kwa hiyo, ni fupi: joto likishapoa, kivuli kikiwa hakijashuka. Na kwa kuwa barabara ya kupandia Bogoro si ya kupita gizani, anayeitaka saa hiyo apange kulala hukohuko, kwa mwenyeji anayemjua. Asiyeweza kulala asiende siku hiyo. Asubuhi anaweza kutembea ufukweni hadi apate ghuba inayomruhusu kutazama kaskazini au kusini, jua likiwa ubavuni. Hapo ataokoa rangi kiasi.

Bunia yenyewe, juu huku kwenye uwanda, ina hewa ya baridi na asubuhi yake ni njema. Kando ya mto Shari, kwenye mashamba na miti ya misheni, mtu akiamka saa kumi na moja na nusu ana saa mbili nzuri. Wakati wa kiangazi moshi wa nyasi zinazochomwa hufifisha kila kitu. Subirini mvua ya kwanza ioshe hewa. Vumbi la barabara zetu ni adui wa kudumu. Lipulizeni, lipanguseni kwa brashi laini, msisugue kioo kwa pindo la shati.

Msitu ni habari nyingine. Wapo wanaoota kwenda Epulu na darubini. Epulu ni makao ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa 1992 na kuingizwa 1996 kwenye urithi wa dunia, na mwaka uliofuata kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ina wenyewe, ICCN, shirika la taifa la hifadhi, na bila ruhusa yao hakuna picha. Lakini hata mwenye ruhusa atagundua kwamba ndani ya msitu wa Ituri macho hayaendi mbali; majani yanaziba baada ya hatua chache, na darubini inakuwa mzigo. Huko jimeli, yaani darubini ya macho mawili, na masikio vinafaa zaidi. Darubini ikae ukingoni mwa msitu, mahali hondohondo wanapovuka uwazi, na kwenye miti mirefu ya matunda iliyobaki peke yake mashambani.

Kuhusu kasuku wa kijivu nitakuwa mkali. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, nchi za dunia zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini. Wakamataji hawajaisha kwa sababu hiyo. Kila picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na picha moja ya mti wanakolala kasuku, ikisambazwa bila kufutwa alama hiyo, inamfikisha mkamataji hadi shinani. Zimeni kipengele cha mahali kabla ya kupiga. Jina la kijiji msiliandike hadharani. Liandikeni kwenye daftari lenu. Viota vya furukombe na korongo taji vivyo hivyo. Na kama ndege ameacha kula na anawatazama ninyi, mmeshakaribia kupita kiasi, rudini nyuma. Darubini ilinunuliwa kwa ajili ya umbali huo.

Sasa niwape kazi, kwa sababu picha nzuri ya furukombe wanazo wengi.

James Chapin, Mmarekani, alikuja Kongo akiwa kijana katika msafara wa makumbusho ya New York uliodumu kuanzia 1909 hadi 1915. Mwaka 1913, pale Avakubi, kwenye mto huu huu wa Ituri, aliona unyoya asioujua. Hakuuokota msituni, ulikuwa kwenye kofia ya mtu. Akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kimakosa kuwa ni tausi wa Kihindi, akautambua unyoya wake, na mwaka huohuo dunia ikatangaziwa tausi wa Kongo. Mtu aliyevaa kofia ile alimjua ndege huyo tangu zamani. Jina lake sijalikuta popote. La Chapin linajulikana kote.

Chapin huyo ndiye aliyempa jina, mwaka 1932, ndege mmoja mdogo wa kijivu ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimwita Muscicapa lendu (leo wengi humwita Fraseria lendu), kutokana na uwanda wa Lendu, kaskazini ya mji wetu, katika eneo la Djugu. Leo wageni humtafuta Kakamega, Kenya, na Bwindi, Uganda. Kwenye uwanda uliompa jina sijasikia anayemtafuta. Ni ndege mtulivu, anakaa kwenye tawi lake na kungoja wadudu: anafaa darubini kabisa.

Na yupo mwingine, mdogo zaidi, mkia mfupi hata aonekane hana mkia: Sylvietta chapini. Alielezwa 1947 na Henri Schouteden wa Tervuren, kutokana na vielelezo vichache vya uwanda huohuo, vilivyokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Yumo katika orodha ya ndege waliopotea ambao wataalamu wa dunia wanawatafuta. Misitu ya uwanda ule imebaki vipande vipande kati ya mashamba na mikaratusi, kwa hiyo huenda hayupo tena. Lakini watu walisema hivyo pia juu ya ndege mweusi wa milima ya Itombwe mwenye kofia ya manjano, ambaye hakuwa ameonekana kwa karibu miaka ishirini, hadi picha zake za kwanza zilipotangazwa Februari 2024 na watafiti wa Kongo na Marekani.

Djugu ya leo si mahali pa kwenda kwa pupa, na simtumi mtoto wa mtu kwenye risasi kwa ajili ya ndege. Nasema mwanze hapa hapa. Kambi za wakimbizi za Bunia zimejaa wakulima waliozaliwa karibu na vipande hivyo vya msitu. Kaeni nao. Waonesheni picha za jamaa wa ndege huyo, waulizeni sauti yake, jina lake la nyumbani, na mti aupendao. Yaandikeni majibu pamoja na majina ya waliowaambia, kama wanaridhia. Siku njia itakapofunguka, wao ndio wawaongoze, na picha ya kwanza mtakayoipata, iwe ya ndege huyo au ya mwingine, ichapisheni kwenye karatasi na kumpelekea mwenye shamba kabla hamjaituma Ulaya.